Chombo Hudai Kazi

Wapo watu wanaodhani kwamba maadili ni jambo la mambo makubwa tu: vita na amani, uhai na kifo, haki ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Sikatai. Lakini katika umri huu wangu wa miaka sabini na ushei nimeona kuwa tabia ya mtu hujulikana zaidi pale anaponunua kitu kuliko pale anapotoa hotuba. Hotuba huandaliwa. Fedha inayotoka mfukoni huonyesha mtu anachokiamini, apende asipende, na kwa mstaafu anayehesabu pensheni yake jambo hilo huonekana wazi zaidi.

Jambo lililonishughulisha kwa miezi kadhaa ni dogo kweli. Nyuma ya nyumba yangu hapa Kiseke nina kibanda cha mabati chenye meza ya useremala, jiriwa, randa mbili, patasi, tupa na misumeno ya mkono. Nilitaka kuongeza msumeno wa umeme wa kukatia mapindo, ule ambao mafundi huuita jigso. Kwa msomaji asiyeufahamu, ni mashine ya kushikwa kwa mkono, umbo lake mfano wa pasi, yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kwa kasi, hata kufikia mapigo elfu tatu hivi kwa dakika. Kazi yake ni kufuata mstari uliopinda. Ukitoboa tundu kwa keekee katikati ya ubao, bledi huingia humo na kukata dirisha bila kuanzia ukingoni, jambo ambalo msumeno wa kawaida wa mkono hauliwezi. Lakini si mashine ya kila kitu. Ukiipa ubao mnene wa mninga, bledi hupotoka kwa chini, na ukiugeuza ubao utakuta mstari wa juu na wa chini haulingani. Wauzaji hawalisemi hili.

Asili ya mashine hii inapendeza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1946, katika mji wa Solothurn nchini Uswisi, mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla alichomoa sindano katika cherehani ya mkewe, akaweka mahali pake bledi ya msumeno. Mwaka uliofuata mashine ya kwanza ya namna hiyo ilitoka sokoni kwa jina la Lesto. Basi jigso ni mtoto wa cherehani, na kwa sababu hiyo imenikumbusha maneno ya Gandhi.

Mwaka 1924 Gandhi aliulizwa kama anapinga mashine zote. Alijibu kuwa hapingi mashine, bali anapinga wazimu wa watu kuhusu mashine, wakati watu maelfu wanatupwa barabarani bila kazi. Akatoa mfano wa mashine aliyoikubali, na mfano huo ulikuwa cherehani ya Singer. Kwa maoni yake, mtu aliyeibuni alimwona mkewe akitaabika kushona kwa mkono, akaibuni kwa upendo ili kumpunguzia taabu. (Wanaoyajua maisha ya Isaac Singer watacheka kidogo hapo, maana hakuwa mume wa mfano hata chembe. Lakini hoja ya Gandhi haitegemei tabia ya Singer.) Hoja ni kwamba mashine ipimwe kwa mtu: je, inamwondolea mtu taabu, au inamwondolea mtu riziki? Na je, mtu anayepunguziwa taabu na mtu anayeondolewa riziki ni mmoja, au ni wawili tofauti?

Niliposoma kipimo hicho mara ya kwanza nilikuwa mwanachuo wa ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967, ulikuwa ndio dira yetu. Tulifundishwa kushika jembe na randa pamoja na chaki. Kipimo cha Gandhi kilionekana kama kimeandikwa kwa ajili yetu. Sasa nimekitumia kwa kitu kinachonihusu mwenyewe, nikaona hakisemi kirahisi kama nilivyodhani.

Kando ya barabara, si mbali na kwangu, yupo seremala kijana anayetengeneza vitanda, viti na fremu za milango. Vichwa vya vitanda vyake vina mapindo mazuri. Yeye hana mashine ya kuyakata. Huchora kwa penseli, hubeba mbao kwa bodaboda hadi kwenye karakana yenye mashine kubwa, hulipa, husubiri zamu, hurudi. Kabla sijanunua chochote nilikwenda kumwuliza maoni yake, maana nilikuwa na wasiwasi kwamba mzee mwenye pensheni akianza kujikatia mbao nyumbani anamnyang'anya kijana mkate wake.

Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza nia yangu. Akacheka.

"Mwalimu, ukinunua hiyo mashine mimi sipungukiwi kitu. Kwa mwaka unanipa kazi ngapi? Kiti kimoja, labda na kurekebisha mlango."

"Basi hakuna shida?"

"Shida ipo, ila siyo hiyo. Ukishakuwa nayo majirani watakuja kwako. Mwalimu, nikatie hiki. Mwalimu, nikatie kile. Wewe huwezi kuwakatalia, wengine uliwafundisha. Na huwezi kuwatoza. Hapo ndipo nitakapolala njaa."

Nilirudi nyumbani nikiyatafakari maneno hayo, na hata sasa nayaona kuwa ni mazito kuliko yangu. Mimi nilikuwa nimeogopa ubinafsi wangu. Yeye aliogopa ukarimu wangu. Nasi tumelelewa kuuona ukarimu kuwa ni wema usio na upande wa pili. Mtu anayefanya kazi bure anadhani anatoa kilicho chake, yaani muda wake na jasho lake. Kumbe anatoa pia kilicho cha mwingine, yaani bei. Seremala yule analipa pango la kibanda, ana watoto, ana mwanafunzi wa kazi anayemlisha mchana. Bei yake imebeba vitu vyote hivyo. Bei yangu haibebi kitu, kwa kuwa serikali hunilipa pensheni nikiwa nimekaa. Nikishindana naye nitamshinda, na ushindi huo hautatokana na ufundi wangu.

Twaweza kuona jambo hili kwa ukubwa zaidi katika historia yetu wenyewe. Viwanda vyetu vya nguo, pamoja na Mwatex ya hapa Mwanza, viliyumba katika miaka ya 1980 na 1990 kwa sababu nyingi, na sitaki kuzifanya kuwa moja. Lakini miongoni mwake ni nguo za mitumba, ambazo aliyezitoa huko Ulaya au Marekani alizitoa kwa moyo safi kabisa, akaenda kulala akijiona mwema. Hakuna aliyemwambia kuwa shati lake lingekutana sokoni na kitenge cha mfanyakazi wa Mwanza. Simlaumu. Hata hivyo mimi nilikwisha kuambiwa, tena na mhusika mwenyewe, kwa hiyo nisingeweza kujitetea kwa kutojua.

Je, dawa yake ni kuacha kununua? Hilo nalo nililifikiri. Nikaona kwamba tofauti haiko katika kuwa na chombo au kutokuwa nacho. Iko katika kazi ambayo chombo kinapewa. Ipo kazi ambayo isipofanywa na mimi itafanywa na mtu anayeihitaji imlishe. Na ipo kazi ambayo isipofanywa na mimi haitafanywa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna wa kuilipia. Vitanda ni vya kundi la kwanza. Kazi niliyoitaka mimi, ambayo nitaieleza punde, ni ya kundi la pili.

Hapo ndipo swali la maadili lilipogeuka kuwa swali la ufundi, na nilifurahi, maana mimi si mwanafalsafa. Chombo hudai kazi. Mtu akinunua panga refu hutafuta pori. Akinunua gari la tani saba hutafuta mizigo. Ningenunua mashine ya nguvu nyingi, yenye uwezo wa kula mbao nene za mkongo na mninga, isingekaa mwaka bila kunivuta nitengeneze vitanda. Nikaamua kwamba mashine yangu iwe ndogo kwa makusudi: ya wati 500 hivi, inayotosha plaiwudi na mbao laini za paini na saiprasi. Atakayekuja na ubao wa mninga nitamwambia kwa ukweli kabisa kuwa mashine yangu haiwezi, nami nitamwelekeza kwa kijana wa barabarani. Huenda msomaji akaona huu ni ujanja. Mimi naona ni afadhali kuufunga mlango kwa komeo kuliko kutegemea kila siku nguvu ya kusema hapana.

Lakini sikuwa peke yangu katika uamuzi. Kijana wangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliposikia habari hii alisema ataniletea zawadi, mashine ya betri, ya gharama, isiyo na waya. Alikuwa na hoja: umeme hukatika. Hilo ni kweli, ingawa hali ni nafuu kuliko ilivyokuwa kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Nami nilikuwa na hoja zangu. Mashine ya betri hufa pamoja na betri yake, na betri ya kampuni moja aghalabu haiingii katika mashine ya kampuni nyingine, hivyo anayeinunua amefunga ndoa bila kuambiwa. Ile ya waya ina kaboni mbili ndogo zinazolika taratibu, na zikiisha fundi huweka nyingine kwa fedha kidogo. Wati 500 kwa saa nzima ni nusu uniti ya LUKU. Umeme ukikatika, nasubiri. Mstaafu ana haraka ya kwenda wapi?

Hoja hizo zilikuwa sahihi, lakini hazikujibu kilichokuwa moyoni mwa kijana. Kumkatalia mtoto zawadi ni jambo zito katika desturi zetu. Ni kama kumwambia mkono wake haujafika. Nilimwomba basi aninunulie bledi. Bledi huvunjika, huisha makali, huhitaji kubadilishwa. Za mbao ni tofauti na za bati, za meno makubwa hukata haraka na za meno madogo huacha ukingo laini. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache nina sababu ya kumpigia simu na yeye ana sababu ya kutuma. Mke wangu anasema nimemfunga kijana kodi ya maisha. Kijana mwenyewe hajalalamika.

Ilibaki kuchagua madukani. Hapa nitapita haraka, maana kila mnunuzi anayajua. Zipo mashine mpya za bei ya chini sana ambazo ukizishika bamba la chini hucheza kama jino la mtoto. Bamba likicheza, hakuna mkono utakaokata mstari. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Zipo zenye jina kubwa na bei ndogo, na hapo ni vyema kushuku, kwa kuwa bidhaa bandia si hadithi. Ndiyo sababu Tume ya Ushindani inazisaka. Zipo pia za mtumba. Nyingi ni imara kuliko mpya, lakini zile zilizotoka Japani hutumia volti 100 na za Marekani volti 120, na ukizichomeka kwenye volti 230 za kwetu bila transfoma, mota huungua.

Tatizo jingine la mtumba si la volti. Nilionyeshwa jigso moja nzuri sana, ya kampuni maarufu, na mtu aliyeitoa ndani ya mfuko wa rambo akitazama huku na huku. Sikumwuliza aliipata wapi, na sikuinunua. Kuna wanaosema kwamba usipouliza hujui, na usipojua huna kosa. Mimi naona kwamba mtu anayejizuia kuuliza kwa kuogopa jibu, jibu analo tayari. Na kila niliyemfikiria kuwa ndiye mwenye mashine ile alikuwa na sura ya seremala kijana wa barabarani kwangu.

Lipo swali moja ambalo vijana hawaulizwi. Mashine nzuri ikitunzwa hudumu miaka ishirini. Mimi sina hakika ya miaka ishirini. Je, mzee anunue kitu cha kumzidi umri? Hesabu ya kawaida inasema hapana: nunua cha kukutosha, kilichobaki ni hasara. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kitu huisha pamoja na mwenye nacho, na sivyo. Nimeingia katika nyumba za watu waliofariki nikakuta vyombo vya useremala vya marehemu vimefungiwa stoo, vikiliwa na kutu, kwa kuwa watoto wanasubiri kikao cha mirathi na hakuna anayethubutu kuchukua hata patasi. Hasara ni pale. Kwa hiyo niliamua kununua cha kudumu kiasi, na nikaandika katika daftari langu, mbele ya mke wangu, kitakwenda kwa nani. Jina silitaji hapa. Itoshe kusema si mtu wa ukoo wetu.

Basi nije kwenye kazi yenyewe. Katika miaka ya 1760 mchonga ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao mwembamba akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuviunganisha vipande. Ndiyo michezo ya kwanza ya namna hiyo inayojulikana. Kwa miaka mingi ya kufundisha nilitamani zana kama hiyo, na shule nilizofanya kazi hazikuwa na fedha ya kuinunua wala chombo cha kuitengenezea. Sasa natengeneza ramani ya Tanzania, ya plaiwudi ya milimita sita, kwa ajili ya shule za msingi za jirani. Hakuna seremala anayeweza kuishi kwa kazi hii, kwa kuwa hakuna anayeilipa.

Ina mambo yake. Bledi ya jigso hukata inapopanda, kwa hiyo uso wa juu wa ubao ndio unaochanika vinyuzi na uso wa chini ndio unaobaki safi. Ukitaka ramani itoke nzuri, huna budi kuichora upande wa nyuma, na ukiichora nyuma huna budi kuichora kinyume: Kagera iende kulia na Tanga iende kushoto. Mara ya kwanza nilikaa jioni nzima nikiitazama nchi yangu ikiwa imegeuka. Vumbi nalo si la kudharau. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mvule na mninga huwasumbua wengi kifuani. Ninavaa barakoa na miwani, na wajukuu hawaingii kibandani mashine inapofanya kazi. Nayo haifanyi kazi saa za mchana jirani anapolaza mtoto.

Ramani yenyewe haitulii. Aliyeikata mwaka 2011 aliiona ikizeeka Machi 2012, ilipozaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Aliyeikata upya baada ya hapo alikutana na Songwe mwaka 2016. Leo ni mikoa 31, yaani 26 ya Bara na mitano ya Zanzibar. Nikikata mpaka, bledi hula zaidi kidogo ya milimita moja, na milimita hiyo haiendi upande huu wala ule. Kwa kipimo cha ramani yangu ni zaidi ya kilomita mbili za ardhi ya watu zinazogeuka unga. Ziwa nimeliacha kuwa kipande kimoja, na Ukerewe nimeigundisha juu yake, kwa kuwa mtoto mdogo angeweza kuitia mdomoni.

Zanzibar ndiyo inayonisumbua. Kwa ukubwa wa ubao wangu, Mkoa wa Mjini Magharibi ni kama ukucha wa kidole gumba. Nimekata visiwa viwili tu, Unguja na Pemba, na mipaka ya mikoa yake mitano nimeichora kwa rangi. Mwalimu mmoja wa jiografia hakuridhika. Anasema mtoto atadhani kuwa mikoa ya Bara hutenganishika na ya Visiwani haitenganishiki, na kwamba kosa litaingia vidoleni kabla halijaingia kichwani. Ana haki ya kusema hivyo. Dawa anayoipendekeza ni ramani mara mbili ya ukubwa huu, ya ubao mnene zaidi ili isipinde. Hiyo ingetaka meza kubwa zaidi, na pengine mashine yenye nguvu zaidi. Nimemwambia anipe muda nifikiri.